Walionenepa Hawarudi

Katika miaka ile ambayo kampuni ya migodi hapa Likasi ilikuwa imeacha kutugawia unga, niliamini kwamba uji wa parokia uliwanenepesha akina mama wanaonyonyesha ili wauzwe nyama. Sisemi nilishuku. Niliamini kwa moyo wote, na kwa cheti cha masomo ya jioni juu yake, kama unavyoamini kwamba ukienda kuvunja mawe ya chokaa Kakontwe utarudi na vumbi jeupe kwenye kope. Akina mama wangechukuliwa wakiwa wamenona, wangetiwa kwenye mikebe, mikebe ingebandikwa picha ya ng'ombe, na sisi wenyewe tungeinunua sokoni na kusifu ladha yake.

Kwa asiyekulia kwetu inabidi nieleze, la sivyo ataniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Kwetu kuna batumbula. Nyanya yangu aliwajua kama mtu anavyowajua majirani wabaya. Zamani za Wazungu, alisema, walitembea mitaani na taa. Wakikukamata wanakupulizia dawa, sauti inakatika, unawafuata kama mbuzi. Wanakutia shimoni. Humo unalishwa unga mweupe na sukari, asubuhi unga na sukari, jioni unga na sukari, hadi mikono inasahau kazi yake na wewe unatambaa, mweupe na mnene, nguruwe kamili. Kisha Noeli inafika na Wazungu wana wageni. Nyanya alikuwa na mjomba aliyepotea kwa njia hiyo. Baadaye watu walimwona mjomba huyo Ndola, ana mke mwingine na baiskeli mpya, lakini nyanya hakuipokea kabisa habari hiyo ya pili. Ya kwanza ilikuwa na heshima zaidi kwa familia.

Mtu mwenye akili angeuliza: Wazungu si walikuwa wameondoka karibu wote baada ya askari kupora mji? Sasa nani wa kula? Nami nilijiuliza, maana sikukaa bure kwenye yale madawati ya jioni. Nikajijibu mwenyewe: ndiyo sababu ya mikebe. Mlaji akihama, nyama inamfuata.

Lakini nianze na wembamba, kwa sababu hofu ya kwanza ilikuwa ya wembamba.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili mvua zikiwa zinaisha. Mama yangu alituzaa sote katika maternite ya kampuni, na kila mara alitoka huko na gunia la unga, samaki wa chumvi, chupa ya mafuta, na mashavu. Mwanamke aliyezaa alikaa ndani, tumbo limefungwa kitenge, anakandwa kwa maji ya moto, anakula bukari, ugali wetu, kila jua linapobadilisha upande. Siku ya kumtoa mtoto nje mtaa mzima ulikuja, na usidanganyike kwamba walikuja kumwona mtoto. Watoto wachanga wote wanafanana. Walikuja kuitazama shingo ya mama. Shingo ikiwa na mikunjo, baba alipewa mkono na kila mtu, hata na wale aliogombana nao. Nasikia siku ya kutolewa mimi, shingo ya mama yangu ilikuwa na mikunjo mingi kiasi kwamba mkufu wake ulipotea humo, ukapatikana baada ya Pasaka.

Siku ya mwanangu watu walikuja, wakaitazama shingo ya mke wangu, wakatazama chini. Nilipewa mkono, lakini ulikuwa mkono wa matanga.

Alikuwa amekonda. Siyo kukonda kwa mtu aliyeugua malaria akapona. Pete ya ndoa aliihamishia kidole gumba, na huko nako ikaanguka. Kivuli chake kilikuwa kimenona kumshinda. Nilimtania hivyo siku moja, tukacheka wote wawili, kisha yeye akaketi kwa sababu kicheko kilikuwa kimemchosha, na mimi sikumtania tena. Miaka ile wembamba wa mwanamke ulikuwa na maelezo mawili tu. La kwanza, mume hafai. La pili lilikuwa ule ugonjwa, ambao hakuna aliyeutaja. Watu waliwaita tu watoto wao kutoka uani kwako kwa sauti ya upole mno.

Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalitazama titi kama sisi tulivyolitazama bomba la mtaani. Lilikuwepo, lakini. Alianza kulia kilio chembamba ambacho hakikupanda wala kushuka. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliacha kuniuliza tutakula nini akawa ananiuliza kama tutakula. Tulikula mara moja kwa siku, bukari ya mihogo na sombe, kisamvu chetu, isiyojua mafuta. Mke wangu alikuwa na tabia ya kusema ameshakula jikoni. Jikoni kwenyewe ni mafiga matatu na sufuria moja, na sufuria hiyo ilikuwa mbele yangu.

Niliogopa. Nimezoea kuyapamba mambo, wanaonijua wanalijua hilo, lakini hofu hiyo sina la kuipamba. Nilimwona mke wangu anaondoka kidogo kidogo, na mtoto amemshika mkono.

Kampuni haikuwa imetufukuza kazi. Ilikuwa imeacha kutulipa tu, jambo ambalo kwa adabu lilionekana tofauti. Kwa hiyo nikafanya kama wengi: nikachukua sururu nikaenda kuchimba madini Kakanda, nikawa nakaa huko majuma mawili matatu, narudi na kidogo nilichopata, naondoka tena. Kila nilipokaribia nyumbani niliisikiliza kwanza sauti ya mtoto kabla ya kugeuka kona. Nikiisikia nilishukuru Mungu kwa kile kilio ambacho nyumbani kilikuwa kinanitoboa masikio.

Safari moja nilirudi nikamkuta mke wangu ameketi mlangoni anamnyonyesha, na mtoto ananyonya kwa kelele, kama mtu anayekunywa munkoyo kwenye kata. Kwenye kifundo cha mkono wa mama kulikuwa na kamba nyekundu.

"Hii kamba ni ya nini, mama?" nikamwuliza. "Umeingia ku kanisa ya nani?"

"Ni ya parokia," akasema. "Mama Mapasa njo alinipeleka. Basista banatupatia uji kila siku. Ya mahindi na soya, na sukari, na mafuta ndani."

Mama Mapasa ndivyo tunavyomwita kwetu mwanamke aliyezaa mapacha. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenye sauti ya kengele ya misa ya kwanza, na mapacha wake walizaliwa muda mfupi kabla ya mtoto wetu. Naye alikuwa amebaki mifupa na sauti.

"Sasa uniletee kiloko nionje," nikasema.

"Hapana. Unakunywa pale pale, banakuangalia. Haiko ya kubeba ku nyumba."

"Na kamba?"

"Banatupima kilo, kila juma. Wenye kukonda sana banabafunga nyekundu. Ukipanda, banaikata."

Sikuona ubaya wowote. Nilifurahi mno. Nilirudi Kakanda nikiimba, na kila niliporudi nyumbani nilimkuta ameongezeka, kama mtu anayechorwa na fundi asiye na haraka: kwanza mashavu, kisha mikono, kisha, naapa, shingoni kamstari kamoja kembamba ambako kwa macho ya mume kalikuwa mkunjo. Mtoto akapata mapaja. Majirani wakaacha kuita watoto wao.

Huko Kakanda nilichimba shimo moja na mzee mmoja wa kanisa la maombi, mtu mpole, mwenye mikono kama mizizi, aliyeniita mwalimu ili kunikejeli kwa masomo yangu ya jioni.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "unaimba nini humu? Shimo haipendake nyimbo."

"Bibi yangu ananenepa, muzee."

"Ananenepa na nini? Na mupepo?"

"Na uji ya basista. Banabapima kilo kila juma, banabafunga kamba ku mukono."

Akaacha kuchimba. Akaegemea ukuta wa shimo, akajifuta uso polepole.

"Banabapima," akasema.

"Ndiyo."

"Na kilo."

"Na kilo, muzee. Ile ya kutundika."

"Ku masomo yako ya jioni, balikufundisha kama kintu yenye kupimwa inaendaka wapi?"

Nikapiga sururu ukutani.

"Jiwe yetu inapimwa, inauzwa," akasema. "Makala inapimwa, inauzwa. Samaki, chumvi, musumari, yote inapimwa, inauzwa. Weye balishakupima siku moja?"

"Tangu shule, hapana."

"Ni juu ya kukosa soko."

Nilicheka, lakini kicheko kilinitoka peke yake, mimi nimebaki ndani. Kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mtu wa Likasi amekua na mizani. Sijawahi kuona kwetu kitu kikitundikwa kwenye ndoano, kikasomwa namba, kisha kikaachwa kirudi kilikotoka. Nikajaribu kujitetea, nikamwambia kwamba tulipokuwa watoto kampuni ilitupima shuleni na hatukuuzwa. Mzee akanitazama kwa huruma.

"Baliwapima," akasema. "Na kisha mulikomea wapi, wote?"

Tuliishia kwenye kampuni, wote, darasa zima.

"Nikuulize mambo moja tu, mwalimu. Bale bamama benye bamekwisha kunenepa, bibi yako anabaonaka tena pale?"

Halafu akalitaja lile neno, batumbula, kwa midomo tu bila sauti, na nyanya yangu akafufuka shimoni humo na mjomba wake na unga wake mweupe na sukari. Unakunywa pale pale, banakuangalia. Nani anamsimamia mtu mzima anywe mpaka amalize, isipokuwa anayefuga? Tena walichagua wanaonyonyesha. Mzee alinieleza na hilo: nyama ya mama mwenye maziwa ni laini kuliko ya ndama. Aliyajua mambo haya kana kwamba ametoka kuyala jana.

Juma hilo nilichimba vibaya. Mnunuzi wa madini alipokuja, siku hiyo alikuwa na moyo mzuri, akatugawia kila mtu mkebe wa nyama juu ya malipo yetu. Nilikuwa sijaonja nyama tangu kabla ya mtoto kuzaliwa. Nikaushika. Picha ilikuwa ya ng'ombe, kweli, ng'ombe mwekundu amesimama kwenye majani, na ninaapa alikuwa ananitazama kama mtu anayenifahamu. Wenzangu waliifungua yao kwa visu wakala kwa vidole. Mimi nilikwenda nyuma ya kichuguu nikauchimbia kaburi kwa sururu, nikapiga ishara ya msalaba. Tumbo langu lilinitukana mpaka jioni.

Niliporudi Likasi nilipita kwanza kwa Mama Mapasa kumwamkia. Sikusikia kengele. Mlango ulifunguliwa na mwanaume nisiyemjua.

"Bale baliondoka," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Sijui. Minye nimepewa nyumba tu."

Nikaingia kwangu. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe. Alikuwa mzuri, jamani. Mkono ulipopanda na mchi, nyama ya mkono ilitikisika, na mimi niliyeomba kwa magoti kuiona nyama ile nikapatwa na baridi.

"Mama Mapasa iko wapi?" nikamwuliza, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Alikuwa amenona, kabla ya kupotea," akasema. "Ungemuona, papa, mashavu sawa mandazi. Kisha juma yenye ilifuata hakukuya tena ku uji."

"Na wengine? Wenye walinona?"

Akaacha kutwanga. Alichagua majani fulani ambayo hayakuwa na ubaya wowote, akayatupa.

"Wenye banenepa habarudi," akasema. "Tuache ile mambo."

Sikumwambia neno lenyewe. Nyanya alisema ukiwataja batumbula unawapa anwani. Na zaidi ya hapo, ningemwambia nini? Aache uji? Nilimtazama mtoto amelala chali, mapaja yamejikunja kama mikate. Uji ukikatika maziwa yanakatika, na yale mapaja yanarudi yalikotoka. Uji ukiendelea, mama ananona na wanamchukua. Nilitaka kitu ambacho hakijawahi kuombwa na mume yeyote wa Katanga: maziwa yapande na mke asinenepe. Niliomba hivyo kabisa, rozari mkononi. Sidhani mbinguni walielewa.

Kilichoniogopesha kuliko yote ni kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

Nilikaa nyumbani juma zima, nikasema mgongo unaniuma, na nikaona. Kadiri siku ya kupimwa ilivyokaribia, ndivyo alivyopungukiwa na maneno. Siku moja kabla hakula. Bukari aliisukuma kwa binti yetu, akasema ameshiba, na safari hii kweli kulikuwa na ya kutosha. Asubuhi yenyewe hakunywa hata maji. Alikivua kile kitenge chake kizito cha kufungia tumbo akavaa kipande chepesi kilichopauka. Akatoa hereni. Akafumua nywele zilizosukwa kwa uzi, akaukunja uzi ule akauweka kando, na kisha, nilimwona kwa macho yangu, akavua viatu vya plastiki akaviacha mlangoni ili aende peku.

"Unafanya nini, mama?" nikamwuliza.

"Naogopa ile kilo," akasema.

"Minye pia naiogopa."

Akanitazama kwa mshangao, halafu macho yakamlegea kwa shukrani, kana kwamba muda wote alidhani yuko peke yake kwenye hofu hiyo. Nikasema moyoni: basi anajua. Anajua wanachowafanyia, na anakwenda hivyo hivyo, kwa ajili ya maziwa ya mtoto. Anakwenda mwepesi ili asiuzike. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamke yule akifunga mtoto mgongoni kwa kitambaa kilichochakaa, asubuhi ile ya jua la kawaida.

Nilimwacha binti yetu kwa majirani nikamfuata kwa nyuma. Nilibeba kipini cha sururu chini ya koti. Sikuwa na mpango, isipokuwa nilijua nikiona mwanaume yeyote akimshika mkono nitampiga kwanza, kisha nitauliza yeye ni nani.

Ukumbi wa parokia ulikuwa na madirisha makubwa yaliyovunjwa vioo siku za uporaji, kwa hiyo nilisimama nje nikaona kila kitu. Foleni ya akina mama ilianzia mlangoni ikauzunguka ukuta. Ndani, pipa la uji linatoa moshi, na harufu yake tamu ilinijaza mate mdomoni hata na hofu yangu yote. Na kwenye boriti ya katikati, ikining'inia kwa mnyororo, mizani. Ile ile. Uso wa duara, mshale, ndoano chini. Ungeweza kuitoa pale ukaitundika Kakanda kwenye kibanda cha mnunuzi na hakuna jiwe ambalo lingeshtuka. Kwenye ndoano walikuwa wamefunga ubao, mwanamke anakaa kama kwenye bembea, miguu inainuliwa, sista anasoma.

Wa kwanza, kamba nyekundu. Wa pili, nyekundu. Wa tatu alikuwa mwembamba hivi kwamba mshale ulimfikiria kwanza.

Kisha mke wangu. Alimkabidhi mtoto kwa mwenzake, akakaa. Nilimwona anavuta pumzi na kuishikilia, kama vile mtu mwenye pumzi ndani anakuwa mwepesi. Mshale ukapanda. Ukapita palipokuwa na alama ya rangi. Sista, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akausoma, akausoma tena, akatabasamu. Tabasamu lile nililijua. Ni la mnunuzi aliyepata jiwe zuri. Akachukua mkasi, akaikata kamba kwenye mkono wa mke wangu, akampigapiga begani akimwambia maneno ambayo sikuyasikia. Na mke wangu akainamisha kichwa akaanza kulia, bila sauti, machozi yakidondokea kile kitambaa.

Sikumbuki nilivyoingia. Wanasema nilipita dirishani. Mimi nadhani nilipita mlangoni, lakini mashahidi wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa peke yangu. Nilimchukua mtoto kutoka kwa aliyempakata, nikamshika mke wangu mkono, kipini cha sururu kikanitoka chini ya koti kikagonga sakafu.

"Tuende, mama. Tuende sasa hivi."

"Papa, unafanya nini hapa?"

"Tuende, nimekuambia."

Nilimtoa nje hadi kwenye ukuta wa foleni. Akina mama waliokuwa wakisubiri walitutazama, na kwa kuwa foleni ni ndefu na uji haujawafikia, walianza kujistarehesha.

"Angalia bwana ya huyu," mmoja akasema. "Anaogopa bibi yake atachukuliwa."

"Na nani?" akajibu mwingine. "Kuchukua sisi? Utakula mifupa na kitenge?"

"Muache, mutu mwenyewe anatetemeka. Labda yeye njo alizaa."

Wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameokota kile kipande cha kamba nyekundu, amekishika kwenye ngumi. Na hapo ndipo mkiani mwa foleni niliisikia kengele, imepasuka kidogo, lakini kengele ile ile.

"Jirani, mbona unaniangalia sawa mufu?"

Alikuwa Mama Mapasa. Pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Yale mashavu ya mandazi niliyosimuliwa hayakuwepo. Mifupa ya shingo ilikuwa imerudi nje, na magoti ya pacha wa mgongoni yalikuwa makubwa kuliko mapaja yake. Kwenye nywele zake na kwenye kope kulikuwa na vumbi jeupe. Nilirudi nyuma hatua nzima, mtoto mkononi.

"Mama Mapasa," nikasema. "Weye uko muzima?"

"Hivi vyenye unaona."

"Si balikuchukua?"

"Nani alinichukua?"

Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu hawezi kurudi. Nikalitoa lile neno kwa sauti, mchana, mbele ya ukuta wa kanisa. "Batumbula. Ulinenepa, kisha ukapotea. Na wengine wote wenye banenepa, banapotea."

Foleni ilipiga kelele ya kicheko iliyomtoa sista mlangoni. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa. Mama Mapasa peke yake hakucheka. Alimhamisha pacha kutoka titi moja hadi jingine, na mtoto akalijaribu, akaliacha.

"Nilikuwa ku Kakontwe, kwa kaka yangu, navunja majiwe," akasema. "Balinikata kamba juu ya kunenepa. Uji ikaisha, na kodi ya nyumba nikashindwa. Sasa nimekonda tena, njo nimerudi kupanga mustari."

Nikamtazama mke wangu, miguu yake peku, masikio yake yasiyo na hereni, midomo iliyokauka kwa kutokunywa maji tangu jana. Naye alikuwa anaitazama ile foleni, ambako nafasi yake ilikuwa imeshazibwa.

"Hakuna mwenye anakulaka bamama, papa," Mama Mapasa akaniambia. "Ukinenepa, banakurudisha kwenu, na kwenu hakuna kintu. Njo ile tunaogopaka."